Aliyebaki Anatumwa

"Ulikuwa wapi?"

Chumvi alisimama mlangoni, kifurushi cha karatasi ya kaki kwapani, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Alikuwa anamtazama mzee kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea ukuta kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mbele ya kiti, binti wa mzee alikuwa amepiga magoti, ameishika mikono ya baba yake iliyoanza kupoa.

"Nakuuliza wewe! Ulikuwa wapi?"

"Nilitumwa."

"Na nani?"

"Na mzee mwenyewe."

"Asubuhi nilikwambia nini? Kifua kimembana tangu jana, daktari kasema apumzike, mimi kazini wananingoja. Nikakuomba kitu kimoja tu. Usimwache peke yake."

"Ulisema."

"Sasa mtu mgonjwa anakutuma, na wewe unafunga viatu unakwenda?"

Chumvi akaangalia meza. Karata zilikuwa zimetapakaa vilevile alivyoziacha. Mdomoni likamtoka neno ambalo angelijutia wiki sita mfululizo.

"Nilibaki na karata."

Binti alinyanyuka taratibu.

"Baba yangu amekufa peke yake, wewe unaniambia habari za karata?"

"Sikiliza kwanza..."

"Toka."

Akatoka. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusahau, alitoka na kile kifurushi kwapani.

Hata jina la Chumvi alilipata kwa kusahau. Alikuwa mwokaji mikate. Siku ya kwanza kuletwa nyumbani na binti alikuja na mkate mkubwa wa moto, ameufunga vizuri kwa kitambaa. Mzee akakata kipande, akatafuna, akatulia.

"Kijana, chumvi uliiacha wapi?"

Kuanzia hapo hakuitwa tena jina lake.

Mzee alikuwa kinyozi aliyestaafu, na katika nyumba yake kulikuwa na mchezo mmoja tu. Unatupa karata inayofanana na iliyo juu, kwa namba au kwa alama. Huna, unaokota. Ukibaki na moja unagonga meza. Ukisahau kugonga, unaokota mbili za adhabu. Wa kwanza kumaliza ndiye bosi, na aliyebaki na karata mkononi anatumwa, chochote, popote, bila kuuliza kwa nini. Binti aliwahi kutumwa kumsalimia jirani waliyenuniana naye mwaka mzima. Mzee mwenyewe, na magoti yake mabovu, aliwahi kushindwa akatumwa kununua sindano mtaa wa tatu. Alikwenda, akarudi nayo, hakulalamika. Sheria ilikuwa sheria.

Chumvi alisahau kugonga karibu kila siku.

"Hujagonga!" mzee alikuwa akipiga kelele, anacheka mpaka anakohoa. "Okota mbili! Na mtu kama huyu ndiye anataka kunichukulia binti!"

Maana Chumvi alikuwa ameshapeleka ombi lake, miezi minane nyuma. Mzee hakukubali, hakukataa. Alisema tu, "Nitajibu siku yangu." Kila binti alipomkumbusha, alichanganya karata akauliza nani anaanza.

Sasa hiyo siku yake ilikuwa imekwenda naye.

Siku ya mazishi Chumvi alisimama nyuma kabisa. Alfajiri ya siku hiyohiyo kulikutwa magunia mawili ya mikate kwenye ngazi za mlango. Aliyeyaleta hakubisha hodi.

Shangazi, dada wa mzee, alikuja kwa siku tatu akakaa wiki sita. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na alipika, alifua, alikemea. Jambo moja tu lilimshinda. Binti alikuwa ametandika kitambaa cheupe juu ya ile meza, karata zikiwa chini yake kama zilivyokuwa, na hakutaka mtu aguse. Wala hakutaka mtu akalie kiti cha baba yake.

"Mwanangu, mpaka lini tutakula sahani zikiwa magotini kama abiria?"

"Mpaka nitakaposema, shangazi."

"Na yule kijana?"

"Kijana gani?"

"Haya. Hatuna kijana. Nipe chumvi." Akaziba mdomo. "Namaanisha ya kwenye kopo."

Binti alitabasamu kwa bahati mbaya, kisha akakumbuka kuwa hatabasamu.

Kazi yake ilikuwa kuchonga vioo vya miwani kwenye duka la macho. Mchana kutwa alikaa na mashine, kioo kimoja kimoja, akipima kwa wembamba wa unywele. Kazini alikuwa sawa. Tatizo lilikuwa saa kumi na moja jioni, saa ya karata. Alikuwa akifika nyumbani, anaitazama meza ile chini ya kitambaa, na kila siku anawaza jambo lilelile: baba aliita jina langu, hakuna aliyemsikia. Daktari alimwambia moyo ulisimama mara moja, kama mshumaa uliopulizwa, kwamba hata yeye daktari angekuwa kiti cha pili asingefanya kitu. Alisikia. Lakini peke yake ni peke yake.

Jumatano simu ikalia akiwa kwenye mashine. Ujumbe.

"Habari za kazi. Jumamosi nahama, nimepata kazi kiwanda cha mikate mbali na hapa. Nina mzigo wa mzee. Nimwachie nani?"

Alisoma mara tatu. Kilichomchoma hakikuwa mzigo, kilikuwa lile neno nahama.

"Mzigo gani?"

"Alichonituma siku ile."

"Ni nini?"

"Sijui. Sikufungua. Si wangu."

Wiki sita mtu anakaa na kifurushi hata hachungulii. Ni Chumvi tu.

"Ulete leo saa kumi na moja," akaandika. "Shangazi atapokea."

Lakini saa kumi na moja kasorobo alikuwa ameshafika nyumbani, amenawa uso mara mbili.

"Shangazi atapokea, siyo?" shangazi alisema, akimwangalia kutoka juu mpaka chini. "Mbona hiyo blauzi ilikuwa ndani ya sanduku?"

"Shangazi, niache."

Hodi ikabishwa. Chumvi alikuwa amekonda. Unga ulikuwa bado kwenye nyusi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Pita."

"Nakabidhi tu, naondoka."

"Nimesema pita. Mlango si ofisi."

Akapita. Alipoona meza na kitambaa chake, akasimama kama aliyepigwa kibao.

"Hamkuziondoa?"

"Haziondoki," binti alijibu. Ilikuwa sauti yake ya kwanza kwa Chumvi baada ya wiki sita, na ilitoka kavu. "Weka mzigo hapo. Asante. Kwaheri."

"Ngoja," shangazi alisema. "Mimi ni dada wa marehemu na sijui ndugu yangu alikufaje. Kila nikiuliza humu ndani naambiwa funika sufuria. Kijana, kaa. Nieleze. Taratibu."

Chumvi akakaa kwenye ukingo wa benchi, kifurushi magotini.

"Alikuwa mzima, shangazi. Alikunywa chai, akaniambia lete karata. Nikamwambia mzee, umeambiwa upumzike. Akasema, 'Nikilala ndiyo naumwa.' Tukacheza. Nikawa namshinda."

"Wewe?" Binti hakuweza kujizuia.

"Mimi. Nilibakiwa na moja. Moja tu. Yeye alikuwa na tatu. Ningegonga tu, zamu inayofuata namaliza, yeye ndiye anabaki, mimi siendi popote. Nikasahau." Akakuna paji la uso kwa kiganja. "Akasema hujagonga, okota mbili. Nikainama kuokota. Nilipoinua macho, mzee ana karata moja, anagonga meza, anacheka. Nikajua sikuhesabu vizuri. Akaimaliza. Akaniambia nenda kwa fundi wa nguo pale kona, kuna kitu changu, kichukue, usiulize. Nikamwambia nasubiri binti yako arudi. Akasema, 'Sheria ni nini humu ndani?'"

Akamgeukia binti.

"Sikukimbia kwa ajili ya maneno yako. Una haki nayo. Nilikimbia kwa sababu ningegonga meza, mzee asingekufa peke yake. Kitu cha sekunde moja. Nitakuoaje na kitu kama hicho?"

Binti alikaza macho kwenye kile kifurushi.

Shangazi ndiye aliyenyanyuka. Alikwenda mezani, akashika kitambaa, akakivuta chote kwa mkupuo mmoja.

"Shangazi!"

"Kelele. Kijana, ulisema alikuwa na tatu?"

"Nilidhani tatu."

"Halafu ukainama, ukainuka, ana moja." Alianza kukusanya karata, zilizofunuliwa, zilizobaki za kuokotwa, zile tatu za Chumvi. Akazihesabu kwa sauti, akilamba kidole. Chumvi na binti wakajikuta wanahesabu naye. Arobaini na nane. Arobaini na tisa. Hamsini.

Zikaishia hapo.

"Pakiti ilikuwa kamili," Chumvi alisema. "Kila siku mzee alikuwa anazihesabu."

"Najua. Mimi nimelelewa na huyo mtu. Inua mto wa kile kiti."

"Hakuna anayegusa kiti cha baba," binti alisema.

"Basi inua wewe mwenyewe."

Binti akasogea. Mto ulikuwa wa kahawia, umebonyea katikati. Wiki sita hakuugusa. Akaunyanyua upande mmoja kwa vidole viwili.

Saba ya kopa. Nne ya pau.

Shangazi akapiga kofi moja kubwa.

"Mwizi! Mwizi mkubwa we! Toka ana miaka tisa anakalia karata! Alinifulisha gololi zangu zote kwa makalio yale!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja. "Kijana, hukushindwa kwa kutogonga. Mzee alikuwa ameshaamua kukutuma."

"Lakini ningegonga..."

"Na hata ungegonga ukashinda, nani angetumwa? Si yeye? Kwa magoti yale, kwa kifua kile, mpaka kona na kurudi, na unajua angekwenda. Angeangukia barabarani miguuni mwa watu asiowajua." Akamshika bega. "Badala yake alikufa kwenye kiti chake, ameshinda, ameiba, anacheka. Mnataka nini zaidi?"

Chumvi akafunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kumtikisika. Binti alimtazama, kisha akachukua kile kifurushi magotini pake, akakata kamba kwa meno.

Ilikuwa suti. Ya kijivu, mpya, yenye vipimo vya mzee. Mfukoni hakukuwa na barua wala kikaratasi.

"Suti?" shangazi aliuliza. "Kaka yangu? Mtu aliyekwenda kustaafu na kandambili?"

Namba ya fundi ilikuwa imeandikwa juu ya karatasi ya kaki. Binti akapiga, akaweka sauti ya wote.

"Haloo, fundi. Samahani, mimi ni binti wa yule mzee kinyozi."

"Oo, mama, pole sana. Nilikuja msibani lakini watu walikuwa wengi. Poleni jamani."

"Tumeshapoa. Nauliza kuhusu suti yake. Alisema ya nini?"

"Kwani hamjui?" Cherehani ikasikika ikinyamaza. "Alikuja mwenyewe kupimwa, akasema anataka ya kusimama nayo siku ya harusi ya binti yake. Nikamwambia niilete? Akasema hapana. Siku ile mchana akanipigia, akasema, 'Namtuma mkwe wangu aje kuichukua. Usimwambie ni nini, nataka nimwone uso akifungua.' Haloo? Mama? Upo?"

Hakuwepo. Alikuwa amekaa chini, palepale sakafuni karibu na kiti cha baba yake, suti mapajani, analia kama ambavyo hakulia siku ya mazishi. Lakini kifua, kile kilichokuwa kimefungwa wiki sita, kilikuwa kimefunguka. Mtu hamwiti mwenzake mkwe halafu akafa peke yake. Alikuwa anamngoja mtu arudi.

Chumvi alichuchumaa pembeni yake, hajui mikono aiweke wapi.

"Nisamehe," binti alisema.

"Nisamehe mimi."

"Ulirudi unakimbia. Niliona jasho. Niliona, na bado nikakwambia toka."

"Nilikaa na suti yako ya harusi juu ya kabati wiki sita."

"Ya baba."

"Ya baba."

"Hata kuchungulia, Chumvi?"

"Hakunituma kuchungulia."

Akacheka. Kamasi na machozi na kicheko, vyote kwa pamoja. Akampangusa unga kwenye nyusi kwa kidole gumba.

"Jumamosi unahama?"

"Nilisema nahama. Sijafunga begi."

"Ulisahau?"

"Nilisahau."

Shangazi alikuwa ameshakaa mezani. Alizichanganya zile karata, akazikata, akagawa mafungu matatu.

"Mkimaliza kupangusana mje. Aliyebaki leo anatumwa kuleta nyama, nimechoka na mboga. Na zile mbili zirudisheni zilipokuwa. Ni za mwenyewe."

Binti akainua mto, akaziweka. Walicheza mpaka jua likaondoka dirishani. Chumvi alibakiwa na moja, akatulia, akawaangalia mmoja mmoja, kisha akagonga meza kwa nguvu mpaka vikombe vikaruka.

Harusi ilifanyika baada ya miezi miwili. Suti ya kijivu ilipunguzwa mikono, akaivaa bwana harusi. Shangazi hajarudi kwake mpaka leo. Kila siku saa kumi na moja wanacheza, na pakiti ina karata hamsini.