Mulinzi wa Makadamia

Haya yalimupata Mama Kanyere wa mtaa wa Mapendo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyaweka wazi.

Siku ile ilianza kama siku zingine. Alikuwa amekaa kwenye uwanja wa nyumba yake, hapa Goma, akipasua makadamia kwa ile mashine ya kuzungusha na mukono. Charline, mufanyakazi wake, alikuwa anatupa viini ndani ya beseni la maji. Kinachoelea ni kizuri. Kinachozama ni cha kuku.

"Mama, mashine yako inapiga kelele kupita kwaya yetu," Charline akasema.

"Yenyewe angalau haikosi répétition, mazoezi ya kwaya, kama wewe."

Wangali wanacheka, simu ikalia. Ilikuwa Munezero, mutunzaji wa shamba lake kule milimani, juu ya mji wa Kiwanja. Alikuwa ananong'ona.

"Mama, njoo. Bibi Mukamugema, yule jirani wa shamba, aliingia chini ya miti tangu juzi. Hatoki."

"Anafanya nini?"

"Anaokota."

"Anaokota nini? Si tulimaliza kuokota yote?"

"Njo ile inaniogopesha, Mama. Chini hakuna kitu."

Kanyere akaachilia mukono wa mashine. Alijua.

Makadamia haichumwi. Ikikomaa inaanguka yenyewe, na kilichoanguka, mwizi anakiokota bila jasho. Mwaka uliopita wezi walikula nusu ya mavuno. Basi yeye, mama wa rozari, mwenye kukaa benchi la mbele kanisani, akaenda kwa siri kwa mufumu, mutu wa dawa za uchawi. Akazika katikati ya shamba chupa aliyopewa, yenye mulinzi wa kunasa wezi. Kwenye kitubio alimuambia padri madhambi yote, isipokuwa lile.

Akamupigia mufumu simu.

"Leo ni siku ya tatu," mufumu akajibu polepole. "Jua likitua, huyo bibi ni wa mulinzi. Ule ni mushahara wake. Na chupa usiiguse. Ukiinama pale, utabaki wewe."

Kanyere akapanda moto, pikipiki ya kukodi. Saa saba za mchana alikuwa shambani.

Jua lilikuwa kali, lakini chini ya miti kulikuwa na giza la majani. Hakuna ndege aliyelia. Mukamugema alikuwa ameinama, mugongo umekunjwa kama mundu. Mukono unashuka chini, unarudi kwenye kitenge. Unashuka, unarudi. Kucha zake zilikuwa zimekwisha.

"Usiiname, binti yangu," bibi akanong'ona. "Yuko nyuma yangu."

Nyuma yake hapakuwa na mutu. Lakini majani makavu yalikuwa yanalala, moja moja, kama yanakanyagwa.

Kanyere akaogopa. Mukojo ulimutoka, na hilo pia hakulificha. Kisha hasira ikashinda woga. Akapaaza sauti kama mutu anayegombana sokoni.

"Wewe! Mimi njo nilikuleta. Nilimukosea Mungu, na nitalisema mbele ya watu. Lakini bibi huyu si wako. Miti hii si yako. Mushahara hakuna. Toka!"

Makadamia zikaanza kuanguka. Mbichi. Kwenye miti yote. Upepo haukuwepo.

Zikanyamaza.

Kanyere akainama.

Kitu kikamukalia mugongoni. Kizito. Cha baridi. Kikamupumulia shingoni. Akachimba na vidole. Salamu Maria. Akachimba. Chupa ikatoka. Akaipiga kwenye jiwe.

"Sasa ninanyooka," akasema. "Utake, usitake."

Akanyooka. Mifupa ikalia moja moja, kama maganda kwenye mashine.

Mukamugema akaanguka chali, akilia, muzima.

"Nilitaka kuonja tu, mama."

"Ungeniomba, ningekupa. Na mimi, badala ya kukulinda, nilikutega. Nisamehe, bibi."

Alhamisi ile, mbele ya shirika letu la sala, Kanyere akasimama akasema yote. Wengine waliacha kununua kwake. Mama Ernestine, mumoja wa shirika, akamuambia akate miti ile yote.

"Nikate?" Kanyere akajibu. "Kuna mumoja alioupanda Shetani? Miti inabaki. Na jirani mwenye njaa aingie aokote."

Miti iko mpaka leo. Ila kila Jumamosi Munezero anakuta mufuko kwenye njia ya shamba, umejaa makadamia zilizookotwa, na hakuna aliyeutuma. Kanyere akifika anaufungua, anamwaga yote njiani, wapitaji wachukue.

"Sikukuandika kazi!" anapiga kelele kuelekea miti.

Jumamosi iliyopita aliutafuta mudomo wa mufuko ili aufungue. Akaugeuza mara tatu. Mwishowe akaupasua na kisu, akamwaga.

Kamba ilikuwa imefungwa vizuri, mafundo mawili. Kwa ndani.