Ruhusa ya Msiba

Mhudumu wa mapokezi ya hoteli aliuliza kama yule mama angehitaji kitanda chake mwenyewe.

"Mama yupi?" mke akauliza.

"Mliyeingia naye." Mhudumu alinyoosha kalamu kuelekea kochi la pembeni, kisha akaishusha taratibu. Kochi lilikuwa tupu. "Samahani. Labda ni mgeni wa wengine."

Kwenye fomu, penye idadi ya wageni, alikuwa ameshaandika watatu, na kwa kuwa fomu ilikuwa na nakala mbili chini yake, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuanza upya.

Mume alicheka kuliko ilivyostahili. Kazini walimwita Muhuri. Alikuwa karani wa masjala, mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupoteza jalada wala kuchelewesha barua, isipokuwa kwa maagizo. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameomba kitu kimoja tu tangu waoane: siku tatu kwenye jiji kubwa, wao wawili, bila watoto na bila sare za shule za watu. Watoto walipelekwa kwa shangazi yao. Tatizo likawa Ijumaa. Likizo ya Muhuri ilikuwa imekwisha, na fomu ya ruhusa ilitambua sababu mbili tu, ugonjwa na msiba. Ugonjwa ulidai cheti cha daktari. Msiba haukudai cheti chochote. Ulitaka uhusiano na marehemu, na siku na saa ya mazishi.

Akaandika: mama mkwe, Jumamosi, saa kumi jioni. Akatia sahihi. Halafu, kwa kuwa muhuri ulikaa kwenye droo yake mwenyewe, akaugonga.

Mama mkwe alikuwa mzima kabisa, na asubuhi ya safari alipiga simu kumwonya mkwewe asije akamtembeza bintiye juani.

Ijumaa ilipita vizuri. Walitembea mpaka viatu vikawabana, wakapanda lifti mara nne bila sababu, wakapigana picha. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, walijilaza chumbani, ghorofa ya sita, mapazia wazi, jua limejaa hadi mlangoni.

Bafuni maji yakamwagika. Yalimwagwa kidogo kidogo, kwa utaratibu, yakinyamaza na kuanza tena, kama mtu anayemwosha mwingine asiyeweza kujigeuza.

"Nani yuko humo?" mke alinong'ona.

"Mabomba," alisema Muhuri. "Majengo marefu ndivyo yalivyo."

Kisha ikaja harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, na nyuma ya mlango mtu akasafisha koo mara mbili, kama alivyofanya mama mkwe kila alipotaka kusema jambo.

"Mwanangu," sauti ikasema, "mbona mnanimwagia maji ya baridi?"

Mke alishika simu kwa mikono miwili akampigia mama yake. Iliita muda mrefu.

"Nipo, mwanangu," mama alijibu, kwa mbali. "Nimeamka vizuri, lakini tangu saa sita miguu haina joto. Nimejilaza kidogo."

Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Mke aliweka simu kifuani akaanza dua, akasoma zote alizofundishwa utotoni na nyingine alizookota ukubwani, na kile kilichokuwa bafuni kikamsubiri kwa adabu mpaka mwisho, kikaitikia, "Amina."

"Sikuja kwa ubaya," kiliendelea, kwa sauti ile ile ya mama. "Nimeitwa kwa maandishi. Nina nakala. Muulize mumeo."

Mke aligeuka. "Umefanya nini?"

"Unajua, ofisini kuna utaratibu wao..."

Maji yakaongeza kasi.

"Baba watoto. Umefanya nini?"

Akasema. Alianza na fomu, akaielezea kwa urefu kana kwamba fomu ndiyo mkosaji, kwamba ina nafasi mbili tu za kuweka alama, kwamba hakuna aliyewahi kuandika pale kuwa anataka kumtembeza mkewe, na huku maji yakipanda na kuanza kupita chini ya mlango, meusi, yakigusa zulia, akajikuta anasema uhusiano, anasema siku, anasema saa, anasema na muhuri, macho yake yakiwa kwenye vidole vya miguu ya mkewe kwa sababu hakuweza kuyapeleka juu zaidi.

Mke hakupaza sauti. "Umemzika mama yangu ili tuje kupanda lifti."

Akamnyooshea simu.

"Mpigie. Mwambie mwenyewe."

Alimpigia. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumtazama mama mkwe usoni zaidi ya salamu ilivyohitaji, na sasa alilazimika kumwambia hayo. Upande wa pili mama akasafisha koo mara mbili.

"Na mlinizika saa ngapi?"

"Saa kumi, mama."

"Na jua lote hili." Alikohoa. "Mimi nimekusamehe, mkwe wangu. Lakini hukuniandikia mimi. Nenda kawaambie uliowaandikia."

Maji yakasimama. "Jumatatu," ikasema sauti ya bafuni, "saa tatu kamili asubuhi. Ikipita hapo, naendelea na jalada." Mlango ukafunguka wenyewe. Ndani palikuwa pakavu. Baada ya muda mama alisema kwenye simu kwamba miguu imeanza kupata joto.

Walirudi nyumbani Jumapili, kila mmoja akitazama dirisha lake.

Hakuna fomu ya kumrudisha marehemu. Muhuri aliandika barua ya kawaida, kichwa chake "Kufuta Taarifa ya Kifo", akairudia mara tatu, na Jumatatu akafika nayo mfukoni saa mbili na nusu. Masjala nzima ilisimama. Mkuu wa idara, ambaye kwa kawaida aliitikia salamu kwa nyusi, alitoka ofisini akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, Muhuri. Juzi, ingawa ilikuwa Jumamosi, tulikuja saa kumi tukasimama hapa, dakika nzima, kwa heshima yake. Hata mlinzi aliingia."

Barua ilikuwa pale pale mfukoni, chini ya vidole vya Muhuri. Alifungua mdomo. Alitazama nyuso zile, zilizojaa huzuni kwa ajili yake, na uso wake ukawaka moto.

"Asante, mkuu," alisema. "Tumeshapoa."

Simu ya mkewe ilimkuta mezani, saa tatu na dakika kumi.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wameelewa."

Mke alishusha pumzi. "Basi mpigie mama, afurahi. Mimi nampigia tangu saa tatu, hapokei."