Chupa za Gizani

Saa ya kubadilishana zamu, geti la kiwanda cha nguo halipitiki kwa watu. Mtafiti, gauni jeupe na viatu vipya, alikuwa akitoka na dumu la maji machafu ya rangi alipogongwa na fundi rangi aliyekuwa akiwahi kuingia. Gauni likawa buluu hadi magotini.

"Pole, dada. Nitakufulia."

"Kwa mikono hiyo?"

Mikono ya fundi ilikuwa buluu mpaka viwikoni. Wakacheka, wakapeana namba, na mwezi haukuisha kabla hawajaanza kuitana mpenzi.

Siku moja mtafiti alimpandisha fundi kwenye paa la maabara. "Unatia unga huu majini, jua linauamsha, rangi inavunjikavunjika. Zamani walitegemea taa maalumu. Siku hizi kila mtafiti anasaka unga unaotosheka na jua."

"Kumbe jua ndilo fundi mwenzangu."

Mkamia maji hayanywi. Jumatatu fundi alipeleka chai kule paani, hakumkuta mwenyewe. Akakuta chupa tatu za maji ya rangi juani na tatu zimefungwa foili. Akazionea huruma, akazifungua zote.

Simu ikalia mchana. "Nani alikutuma uzifungue?"

"Zilikuwa gizani, mpenzi. Nilitaka kukusaidia."

"Zilipaswa kuwa gizani! Bila hizo nitajuaje kama ni jua lililoondoa rangi, au unga umeifyonza tu? Ijumaa namwonyesha profesa. Nikikosa, masomo yangu basi. Usinipigie tena."

Fundi aliumia sana, lakini rangi ile aliijua kijiko kwa kijiko. Jumanne mlinzi wa maabara alimpokeza mtafiti dumu lenye kijikaratasi: *Rangi ileile, vipimo vilevile. Sitagusa kitu.*

"Pokea, mwanangu," mlinzi alisema. "Aliyelileta ana uso wa msiba."

Mtafiti akaanza upya, simu hakupiga. Ijumaa maji ya juani yalikuwa maangavu, ya gizani bado buluu. Profesa akatia saini. Mtafiti akaenda moja kwa moja getini.

Fundi alikuwa pale, shati limepigwa pasi. "Siku nne umeniweka gizani," alisema. "Nikague. Rangi imefifia?"

Mtafiti alimtazama kwa makini. "Haijafifia hata kidogo."

"Basi nikuoe, unijaribu juani miaka hamsini, halafu uandike ripoti."

Mtafiti akaushika ule mkono wa buluu.

"Jaribio moja halitoshi," alisema. "Lazima lirudiwe."