Mstari wa Chini ya Maji

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya kunawa. Wanawake walikuwa wakianika furu, samaki wadogo wa ziwani, juu ya mawe ya Ghuba ya Nungwe, watoto wakiwafukuza kunguru, na Thobias ameketi kwenye mtumbwi mpana akivalishwa viatu vizito vya madini ya risasi na mtu wa pwani.

Mtu huyo aliitwa Kamili, mzamiaji wa bandari ya Tanga. Mwaka ule wa hamsini na mbili alikuwa ameitwa na mgodi mmoja wa upande wa Nyarugusu, baada ya mvua kubomoa ukuta wa shimo la zamani na maji kujaa mpaka mdomoni. Chini ilibaki pampu kubwa. Chini walibaki pia watu saba, na mmoja wao Mabula, mdogo wake Thobias, tumbo moja.

Mgodi ulitaka pampu. Mama yao, Paskalia, waliyemwita mayu, alitaka mwanawe. Alikataa matanga, akamkataza hata padri asisome misa.

"Mimi siziki jina," alisema. "Nileteeni mtu."

Majirani nao, midomo haina mlango, walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba Mabula hakufa. Amechukuliwa msukule, walisema, wenye mambo yao wanamtumikisha huko huko chini.

Thobias hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alikwenda ofisini kwa miguu yake akasema: "Njia za lile shimo nazijua mimi, fundi wenu hazijui. Nifundisheni kuzama, nitafunga mnyororo kwenye pampu. Lakini nikishafunga namtafuta mdogo wangu. Msije mkasema sikuwaambia." Wakakubali. Ndiyo maana alikuwa pale mtumbwini.

Kamili akamvika kofia ya shaba na kuikaza kwa spana. Kofia ile hufungwa na mtu mwingine; aliye ndani hawezi kujifungua hata afanye nini. Nyuma yake uliingia mpira wa hewa, na juu watu wawili walisukuma pampu ya mkono ili mzamiaji avute pumzi. Kiunoni alifungwa kamba. Mvuto mmoja kutoka juu ni swali: u mzima? Mzamiaji naye hujibu kwa mvuto mmoja. Asipojibu, anavutwa.

Thobias akashuka. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, meupe kama kioo. Aliiona mikono yake, iliyoachwa wazi tangu vifundoni. Akaona kivuli chake mchangani, na furu wakija kuchungulia kioo cha kofia kama wanakijiji waliomwona mgeni. Akacheka peke yake mle ndani.

Alipotolewa, Kamili hakucheka.

"Umejifunza kwa macho," alisema. "Hata mimi nilijifunza hivyo, baharini, maji unaona mpaka sindano. Sasa tufunge kitambaa kwenye kioo, ujifunze kwa mikono. Siku tatu tu."

"Fundi, mimi ni mchimba madini. Giza ndiyo kazi yangu."

"Giza la mgodini ni la hewa, bwana mdogo. La maji lina adabu nyingine."

"Siku tatu mama yangu anakaa bila kula. Unataka kunifundisha, au unataka kunichelewesha?"

Kamili akaiweka spana chini. "Basi sikia moja," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Kwenye maji machafu, ukiguswa, usijibu. Kitu usichokitafuta, usikipokee."

Thobias akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa afunge mlango.

Kesho yake, jua la saa nne, walisimama mdomoni mwa shimo. Maji yalikuwa rangi ya uji wa ulezi. Thobias akazama na kioo kikawa kahawia, kisha cheusi. Baridi ikamshika vidole. Hakuona mkono wake hata alipoubandika kwenye kioo. Akayafumba macho, maana kuyafumbua kulikuwa kunamchanganya zaidi.

Alifika chini. Akapapasa. Pampu ilikuwa mahali pake, imelala ubavu. Akaipitishia mnyororo, akaufunga, akautikisa. Kazi ya mgodi imekwisha. Kamba ikavutwa mara moja: u mzima? Akajibu.

Sasa yake.

Akashika ukuta wa kulia akaingia kwenye njia alimokuwa akichimba Mabula. Hatua chache. Matope yakamla miguu. Akasimama avute pumzi, akiwa amenyoosha mkono mbele.

Mkononi mwake likawekwa jiwe.

Hapa lazima niseme jinsi wachimbaji wa shimo lile walivyofanya kazi. Njia ikiwa nyembamba mawe hayabebwi, yanapokezanwa. Watu husimama mstari mmoja, jiwe linakuja kuumeni, mkono wa kulia, linatoka kushoto, hakuna anayeuliza wala kutazama, kwa sababu ukisimamisha mstari mawe yanamwangukia mwenzako miguuni. Miaka mingi Thobias alikuwa amefanya hivyo. Mwili ulijua kabla yake.

Alipokea. Akageuka kiuno. Akatoa kushoto.

Ndipo akakumbuka kwamba kushoto hakuna mtu. Akangoja jiwe limwangukie kiatuni.

Halikuanguka.

Mkono wa kulia ukapewa jingine. Akataka kuukunja. Vidole vilikuwa vimeshafunguka. Akapokea, akatoa. Akapokea, akatoa. Alikuwa akisema hapana ndani ya kofia, na sauti yake ikimrudia masikioni. Mikono haikusikia. Aliyekuwa kuumeni alikuwa na haraka. Nyuma ya huyo alisikia kugongana kwa mawe, mbali, mbali zaidi ya mahali ambapo njia ile iliishia.

Kamba ikavutwa. U mzima?

Hakuwa na mkono wa kujibu.

Jiwe. Jiwe. Kisha alipokuwa akitoa, ukucha wa gumba ukamfinya kiganjani, palepale katikati. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyemfanyia utani huo kazini.

"Mabula," alinong'ona.

Aliuacha mkono wa kulia uteseke, wa kushoto ukakamata kifundo cha mkono ule. Kilikuwa baridi na laini kama sabuni iliyolowa. Juu Kamili alikuwa ameanza kuvuta, kamba ikamkaza mbavu. Kuumeni vidole vikamshika mkono mpaka kiwiko. Akawa amewambwa kama ngozi. "Twende nyumbani," alisema. "Twende, mayu anakungoja."

Kifundo kikatulia. Kisha kikajipindua. Kiganja kipana kikamkaa kifuani, kikamsukuma.

Waliokuwa kwenye kamba walisema alitoka ghafla, kama kizibo. Kamili alipomfungua alikuta viganja vya Thobias vimechubuka mpaka nyama. Alikuwa chini muda wa kuvuta sigara moja, lakini viganja vilikuwa vya mtu aliyebeba mawe mwaka mzima.

Kamili alimfunga vitambaa, akamsindikiza mpaka kwao.

Paskalia alikuwa mlangoni. "Umemwona?"

Thobias hakuwahi kumdanganya mama yake, na hakuanza siku hiyo. "Sikumwona, mayu. Nimemshika."

Mama akaingia jikoni, akarudi na bakuli jeupe la bati limejaa matobolwa, viazi vya kukausha vilivyochemshwa, bado vinatoa moshi. "Kula kwanza," alisema. "Kisha utaniambia."

Thobias akapokea kwa mkono wa kulia. Kiuno kikageuka. Akatoa kushoto, kwenye ukuta mtupu, akaachia.

Wote watatu walingoja mlio wa bati sakafuni.

Mlio haukuja. Bakuli halikuwapo sakafuni, wala uvunguni, wala popote.

"Astaghfirullah," alinong'ona Kamili. Alikwenda nje akakaa kwenye jua.

Mnyororo ulikuwa umekazwa vizuri. Mgodi ulivuta pampu, ukaitengeneza, ukalikausha shimo kabla masika mengine hayajaingia. Thobias hakwenda kutazama. Paskalia alikuwa ameshamwagiza padri, ameshanunua na sanda, akisubiri mifupa ipande.

Aliyepanda kuja nyumbani alikuwa Kamili. Alibisha hodi, akaamkia, akakataa kiti.

"Mama Thobias, tumefika mwisho wa ile njia," alisema. "Imekwenda mbele sana kuliko ramani ya mgodi. Imechimbwa juzi juzi, mawe yamepangwa vizuri. Mtu hakuna. Mfupa hakuna hata mmoja, kwa wote saba." Akafungua kitambaa alichobeba. "Kulikuwa na hili tu."

Paskalia akalichukua bakuli lake. Akalitazama ndani. Lilikuwa safi, halikuoshwa, limelambwa. Nje, pembeni mwa mdomo, zilikuwa alama za vidole vinne na gumba, za matope ya kahawia, bado mabichi.

Alikaa nalo mapajani mpaka Kamili akaona aondoke. Kisha akainuka.

"Kamwambie padri asije," alimwambia Thobias.

"Mayu, usifanye hivyo."

Paskalia akaenda jikoni, sufuria ikasikika ikifunuliwa. Aliporudi bakuli lilikuwa limejaa, na juu yake ameweka kipande cha samaki.

"Mpe," alisema taratibu. "Mwambie leo kuna na mboga."

Thobias alitaka kukataa. Alitazama chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshanyooka.