Mwimo wa Mlango wa Mpima

Kijiti alipungua urefu kwa kidole kimoja.

Mama yake ndiye aliyeona. Tangu mtoto ajue kusimama, walikuwa wakimpima kwenye mwimo wa mlango: visigino vimebana ubao, kitabu kichwani, mstari wa penseli. Safari hii mstari mpya uliangukia chini ya ule wa zamani.

"Simama vizuri, wewe."

"Nimesimama, mama!"

Baba yake alikuwa mpima, mtu wa kuchukua vipimo vya barabara mpya na mabomba ya maji yatakayolazwa kando yake. Alicheka. "Mtoto hapungui, Mama Kijiti. Umekosea tu."

"Haya, pima wewe, bingwa."

Akapima. Kicheko kikamkauka mdomoni. Alidhani sakafu imetitia, akaleta hata darubini yake ya miguu mitatu. Sakafu ilikuwa sawa kama maji bakulini.

Baadaye vikawa vidole viwili. Gauni la shule likaanza kuburura. Kisha ikaja harufu, ya matope ya chini na majani yaliyooza, na mlio wa maji yakidondoka mbali, ilhali nyumba ile haikuwa na bomba hata moja. Mchana mmoja mpima alileta nyumbani kile chombo kinacholia kikipitishwa juu ya bomba lililofukiwa. Sebuleni kimya. Jikoni kimya. Kizingitini kikalia, na kutoka hapo kikaendelea kulia, hatua kwa hatua, mpaka chini ya kitanda cha Kijiti.

Hospitali walitoa damu, wakapiga picha. "Hana ugonjwa," daktari alisema. "Labda nyumbani mlimpima vibaya." Mpima alimtazama asijue alie au acheke.

Shangazi mtu ndiye aliyemleta mganga, mfupi, mwenye mzaha. "Mbona mnanipokea kama mkata umeme?" aliuliza mlangoni. Halafu akanusa, akainama, akagusa kichwa cha msumari uliopigwa kizingitini. "Na huu?"

"Alama ya kazi," mpima alinong'ona.

"Ya kazi gani? Sema yote, bwana. Mtoto anakwisha."

Ikabidi aseme. Kipimo cha mwinuko huanza kwenye kitu kisichotikisika, na kule porini inakopita barabara kisichotikisika kilikuwa jiwe la ukingo wa kisima cha kale. Sheria ya kazi ni moja: ulipoanzia ndipo urudi, uone kama hesabu zinakubaliana. Siku ile mvua ilimkuta amefika mbele ya nyumba yake mwenyewe, akapiga msumari kizingitini kushikilia kipimo hadi kesho. Kesho yake malori yalikuwa yamekwisha kukijaza kisima kokoto.

"Kwa hiyo?"

"Nikafunga hesabu kwa kalamu tu. Niliandika kwamba nimerudi kisimani. Sikurudi."

Mzaha ukamtoka mganga. "Kisima kile kina mwenyewe. Umemtoa kwake, umemleta mpaka mlangoni pako, ukaandika umemrudisha. Sasa anashuka kurudi kwao, na mkono wa mtoto ameushika."

Mama Kijiti alimkimbilia mtoto, akamkumbatia.

"Nifanye nini?" mpima aliuliza.

"Mrudishe ulivyomleta. Na mara hii andika unachokiona tu, hata kikikutisha."

Walianza saa ileile, Kijiti akabaki na shangazi yake na mganga. Mume alishika darubini na mke akashika fimbo ndefu ya vipimo, wakarudi nyuma kituo kwa kituo, mume akisoma na kuandika, akisoma na kuandika, na kila walipohama walisikia nyuma yao nyayo zenye maji, chwa, chwa, ambazo mganga alikuwa amewakataza kuzigeukia, mpaka wakafika kwenye kifusi palipokuwa na malori na watu wa barabara.

"Lami inamwagwa kesho, mzee," msimamizi alisema. "Unatafuta nini hapo, hazina?"

"Namtafuta mwanangu."

Msimamizi alimwangalia usoni. Akaacha kucheka, akampa koleo.

Walichimba, na koleo liliposhindwa wakachimba kwa kucha, hadi jiwe la ukingo likaonekana, na kando yake ufa mweusi ukipumua ile harufu ya chumbani kwa mtoto. Mpima alirudi kwenye darubini. Mkewe akasimamisha fimbo juu ya jiwe, na fimbo ikamponyoka, ikatelezea ufani, halafu ikasimama yenyewe, wima, imetulia jinsi ambavyo hakuna msaidizi aliyewahi kuituliza, na mke akarudi nyuma mikono kichwani akisema kwa sauti ndogo, "Siishiki mimi, Baba Kijiti, siishiki," na mume, jicho lake limeganda kwenye kioo, akaona vidole vilivyolowa vimeizunguka fimbo chini ya namba.

Aliisoma namba. Aliiandika ilivyo. "Nimefunga," akasema.

Vidole vikaachia.

Nyumbani harufu ilikuwa imekatika. Kijiti alikuwa akila, na gauni limepanda tena magotini. Walimsimamisha mlangoni: kichwa kiligusa mstari wa zamani, sawasawa. Mpima aling'oa ule msumari huku analia kama mtoto.

"Baba Kijiti," mkewe aliita taratibu. Alikuwa amepiga magoti. "Na huu wa chini, umeuchora wewe?"

Chini kwenye mwimo, kimo cha mtoto anayejifunza kusimama, palikuwa na mstari wa maji, mbichi, wenye harufu ya matope.

Mganga aliutazama, akachukua mkoba wake. "Kwake amerudi," alisema. "Ila mmemfundisha njia vizuri. Kwenda na kurudi."

Mwimo ule umebadilishwa mara mbili. Kijiti sasa ni msichana mkubwa, amempita mama yake, na hakuna anayempima tena. Mstari nao haukauki, na kila mwaka hupanda.

Mwaka huu umemfikia begani.