Swali la Wodi ya Njiti

Kwenye lango la wageni la Bunge, saa mbili asubuhi, watu husukumana utadhani ndani kunagawiwa pepo. Muuguzi wa wodi ya watoto njiti alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Gauni lake jeupe lilikuwa limechoka kama mwenyewe, na mkononi alishika bahasha yenye kurasa nne. Mlinzi alimwambia mbunge wake hayupo. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo.

"Sista, mbunge hasomi kurasa nne," sauti ilisema nyuma yake. "Husoma mistari mitatu, tena ikiwa imepigwa chapa."

Aligeuka tayari kumpa mtu vidonge vyake, akakuta kijana wa suti ya kijivu, tai imepinda, na kitambulisho shingoni: karani wa ofisi ya maswali ya wabunge. Karani aliomba bahasha, akazisoma kurasa zote palepale amesimama, watu wakimpiga vikumbo. Alipofika palipoandikwa kwamba watoto watatu hulazwa kwenye mashine moja ya joto, na kwamba mwezi uliopita walikufa saba, alinyamaza. Ukimya ule ndio uliompata dada wa watu. Maneno matamu alishayazoea.

Tangu hapo simu ikawa haitulii.

"Naomba swali la nyongeza," karani angeanza.

"Uliza, Mheshimiwa."

"Umekula?"

Shangazi wa muuguzi, aliyekuwa akiishi naye, alisema hajawahi kuona mtu anaposa kwa kanuni za Bunge, ila afadhali huyu, maana huuliza na kusubiri jibu. Muuguzi alicheka mpaka akaficha uso kwenye khanga. Alikuwa amependa, na hakuwa na haja ya kukana.

Mikononi mwa karani kurasa nne zikawa mistari mitatu ya swali la mbunge. Wale saba waliokufa wakaitwa changamoto ya vifaa, naye akanuna siku mbili nzima. Karani alimbembeleza, akamweleza kwamba swali lenye maneno makali hurudishwa. Akakubali, kwa kuwa alichotaka ni mashine, si sifa.

Siku ya swali alisikiliza redio wodini pamoja na akina mama. Naibu Waziri alijibu kwamba Serikali inatambua tatizo hilo, na mashine mbili zitanunuliwa bajeti itakaporuhusu. Mama mmoja akauliza hiyo ni lini. Muuguzi akazima redio.

Siku tatu baadaye matroni alimwita, akaweka mezani nakala ya zile kurasa nne, sahihi ya muuguzi chini. Wizara ilikuwa imezipeleka hospitali, na hospitali ikataka kujua nani amemfanya msemaji wake. Kando yake palikuwa na barua ya uhamisho: zahanati ya mbali, safari ya siku mbili kwa basi, aripoti ndani ya wiki.

Alimfuata karani mgahawani, jirani na ofisi yake, akamtupia barua mbele ya chai.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Uliwapa barua yangu."

"Swali lenye takwimu halipokelewi bila ushahidi wenye sahihi. Nimebandika viambatisho miaka minane, mpenzi. Sijawahi kuona mtu akisoma hata kimoja."

"Lakini ulijua kitakwenda wizarani."

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ungekataa. Swali lingekufa."

Hapo karani akatoa fomu mfukoni. Alimwomba wafunge ndoa kabla wiki haijaisha, kisha aombe uhamisho wa kumfuata mume, sheria inaruhusu. Maneno hayo muuguzi alikuwa ameyangoja kwa hamu, na sasa yalikuja na fomu ya kujaza. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Leo wodini wako watoto wangapi?" alimuuliza.

Karani hakujua. Hakuwahi kukanyaga pale hata siku moja.

Muuguzi akachukua mkoba wake, akaondoka.

Jumatatu shangazi alimsindikiza stendi akilia kwa ajili ya wote wawili. Simu iliita tangu basi lilipoanza kutoka, naye akaiacha iite. Saa ya pili ya safari moyo ulimshinda, akapokea. Nyuma ya sauti ya karani alisikia mlio wa mashine na kilio chembamba anachokijua.

"Niko wodini," alisema. "Wamenisimamisha kwenye kioo. Nimewahesabu mara mbili. Wako tisa."

Ijumaa, muuguzi alipokabidhi zamu, aliwaacha kumi na mmoja, na hakuna kati yao aliyekuwa na uzito wa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hakuuliza wawili waliopungua ni wepi. Karani alikuwa akilia bila kujificha, kama wanavyolia akina baba kwenye kioo kile.

"Usikate simu," muuguzi alimwambia.

Hakukata. Walikaa hivyo, basi likizidi kwenda, mpaka mtandao ukapotea.