Mkanda Umelegea Tu

Kelele ile ilikuwa ya kutia aibu. Kila dada yule alipokata usukani ili atoke kwenye maegesho ya soko, gari lake kuukuu lilipiga yowe kama paka aliyekanyagwa mkia. Wauza nyanya wakaziba masikio. Wabeba mizigo wakacheka na kumpigia mbinja. Mwenyewe alikuwa ndani, gauni la njano, kilemba cha bluu, jasho linamtiririka shingoni, na nyuma yake mashuka meupe na maua ya plastiki yamejaa mpaka kwenye kioo.

Mwanaume mmoja wa ovaroli alimgongea dirisha.

"Dada, zima gari kabla halijaita polisi."

"Kaka, kama huna la maana nipishe. Mimi mpambaji, nina ukumbi wa kupamba na bibi harusi ameshaanza kununa."

"Na mimi fundi. Nimekuja kutafuta spea, nimekukuta wewe. Hiyo inayolia si injini, ni mkanda wa pawa stelingi, unaolainisha usukani."

"Umeujuaje na boneti hujafungua?"

"Unalia ukikata kona, ukinyoosha unanyamaza. Halafu asubuhi gari likiwa la baridi, usukani unakuwa mzito. Nadanganya?"

Mpambaji akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hudanganyi," alisema, akavuta kishikio cha boneti.

Fundi aliinama. Alichukua chupa yake ya maji ya kunywa, akaumwagia mkanda matone mawili matatu huku unazunguka. "Kata usukani mpaka mwisho." Yowe likazidi mara mbili, wauza nyanya wakatukana. "Unasikia? Maji yakizidisha kelele, ujue mkanda umelegea. Zima sasa." Akaubonyeza kwa dole gumba katikati, ukazama kuliko inavyotakiwa. Kisha akaupindua kidogo ili auone upande wa ndani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, wenzangu. Upande wa ndani ulikuwa unang'aa kama kiatu cha bwana harusi, una nyufa kutoka mwanzo hadi mwisho, na pembeni nyuzi zimeanza kuchomoza. Fundi yeyote, hata aliyelewa, angesema: huu umekwisha, nunua mwingine leo hii. Duka la spea lilikuwa ng'ambo ya barabara. Na alikuwa amekwisha fungua mdomo aseme. Lakini mpambaji naye aliinama kutazama, pini ikachomoka kwenye ukosi wake, ikadondokea ndani ya injini, akacheka mpaka akashika kiuno. "Samahani fundi, mimi nina pini mwili mzima, ukinikumbatia unatoka damu!"

Fundi akafikiri: nikimfungia mkanda mpya, huyu anaondoka, simwoni tena.

"Umelegea tu," alisema.

Akalegeza bolti ya pampu inayozungushwa na mkanda ule, akaisukuma kwa chuma, mkanda ukakaza, akafunga. Mpambaji akakata usukani huku na huku. Kimya. Akapiga makofi.

"Ukilia tena nipigie," fundi alisema, akamtajia namba.

"Kwani utalia tena?"

"Inategemea na barabara."

Barabara, eti! Barabara ya watu inasingiziwa mchana kweupe.

Mkanda ulilia tena kabla wiki haijaisha, kama alivyojua yeye.

"Haloo, fundi? Mtoto wako analia."

"Mtoto wangu? Nimemzaa lini?"

"Wewe ndiye uliyemshika mwisho. Njoo umbembeleze, majirani wamenichoka."

Akaja, akakaza, akakaribishwa chai. Mara nyingine akaja, akakaza, akakaribishwa chakula. Mama wa mpambaji, mama wa makamo mwenye miwani na sindano daima mkononi, ndiye aliyekuwa akishona pindo za vitambaa vyote vya mwanawe, na kazi yake ilikuwa nadhifu hivi kwamba wenye kumbi walimtafuta mama kwanza, binti baadaye. Alimpenda fundi upesi. "Huyu gari halimalizi kutengeneza," alisema akiuma uzi, "sijui ni fundi mbovu au ni mkwe." Binti akakwepesha macho pembeni, fundi akapaliwa na chai.

Basi yakawa mapenzi. Simu asubuhi, simu mchana. "Umekula, mpenzi?" "Nitakulaje, niko chini ya lori, nimejaa grisi mpaka masikioni." "Nawa uje, pini nimezitoa." Alipompitia ukumbini alimkuta juu ya ngazi, uzi mdomoni, anafunga vitambaa darini, na fundi akawa anashikilia ngazi hata isipotikisika. Alitaka kumuoa, na alitaka kwa moyo wote. Sitamsingizia; kupenda alipenda.

Siku moja mpambaji alimweleza habari za mchumba wake wa zamani. Yule bwana alikuwa na mke mji mwingine, na watu wote walijua isipokuwa yeye.

"Uongo si kitu," alisema. "Uongo unaugundua, unagombana, unaisha. Mimi aliyeniua ni yule aliyejua akanyamaza, akanitazama nikichagua rangi ya gauni langu."

Mkanda mpya fundi alikuwa ameshaununua siku nyingi, umekaa kwenye sanduku lake la spana.

"Mfungie mtoto wa watu huo mkanda," mwenzake wa gereji, aliyeitwa Kifaru, alimwambia.

"Nitafunga."

"Lini? Siku ya harusi?"

"Hujui shida yangu. Marehemu baba yake alimfundisha: fundi akibadilisha kitu, dai cha zamani ukione kwa macho yako. Nikimfungia mpya atataka wa zamani. Atauona ulivyo. Mkanda haupasuki vile kwa wiki moja. Ataniuliza, kumbe ulijua?"

"Sasa unasubiri nini?"

"Nasubiri tuchumbiane kwanza. Akiwa wangu, atacheka."

Kifaru akatikisa kichwa. "Mficha maradhi, ndugu yangu," alisema, na hakuimalizia, kwa sababu kila mtu anajua inavyomalizika.

Kisha siku moja mvua ilianza alfajiri. Mpambaji alipotoka kwenye geti lao mkanda ulilia, mrefu kuliko siku zote. Mama, aliyekaa kando yake na vitambaa vimejaa mapajani, akasema, "Mpigie mwenzio."

"Yuko kazini, Mama. Ana lori tangu jana. Tena umelegea tu, utatufikisha."

Kwenye mteremko wa kuingia mjini kuna kona kali. Alipoanza kukata, mkanda ukapiga yowe, kisha *pwa!*, kisha kimya. Usukani ukawa mzito ghafla, kana kwamba kuna mtu chini ameushikilia. Akauvuta kwa mikono miwili, kwa mabega, kwa meno. Gari likageuka nusu, barabara ikaisha, likaukuta ukuta. Mama alitanguliza mkono wa kulia kujikinga.

Mkono ulivunjika kifundoni, vipande vipande. Daktari alisema utaunga. Mama akauliza kama atashika tena sindano ya kushonea. Daktari akasema, tusubiri, na namna alivyolisema neno hilo mpambaji akaelewa.

Alimpigia fundi kutoka kwenye korido ya hospitali, amelowa, kilemba kimefunguka.

"Mkanda umekatika. Mama ameumia mkono. Nilisikia unalia nikapuuza, Mama mwenyewe aliniambia nikupigie, nikakataa. Ni mimi! Nimemvunja mama yangu mkono mimi mwenyewe!"

Fundi alisimama katikati ya gereji, spana mkononi. Neno lilikuwa moja tu la kusema, na lilikuwa limemfika kwenye ulimi.

"Pole sana, mpenzi," alisema. "Nakuja."

Hakwenda. Yaani alikwenda hadi geti la hospitali, na mfuko wa machungwa, akaona watu wakitoka na kuingia, akarudi. Machungwa akala Kifaru. Simu ikalia, akaitazama. Ikalia tena jioni, akaifunika kwa kitambaa cha kufutia mikono. Mwanaume mzima, mabega yale, anaogopa simu! Mpambaji akamwandikia: *Najua umekasirika. Ulinionya nikupigie ukilia. Nisamehe, zungumza na mimi.* Fundi akausoma ujumbe ule mpaka akaukariri, na bado hakujibu. Aliamini akisikia sauti yake atasema yote. Na mwenzake kule aliamini amechukiwa kwa uzembe wake. Ndivyo walivyokaa, kila mmoja na machozi yake, mpaka Mama alipotoka hospitali.

Mwishowe Kifaru alimfukuza gereji. "Nenda, au usije tena hapa kunilegezea bolti za wateja kwa mawazo."

Alikwenda mchana, shati limepigwa pasi, kucha zimesuguliwa. Aliwakuta sebuleni. Mama ana plasta mpaka kwenye kiwiko, na binti amepiga magoti mbele yake na sahani, anamlisha kwa kijiko. Mpambaji alikuwa amekonda. Nywele zake, ambazo hakuwahi kuziona bila kilemba cha rangi, zilikuwa zimefungwa kwa kipande cha pindo.

"Karibu, mkwe!" Mama alisema. "Njoo uniokoe. Mkono wa kushoto ninao mzima, lakini huyu ananilisha kama kinda. Nikikataa analia."

Mpambaji aliweka sahani mezani, akatoka naye hadi barazani. Hakumpa nafasi ya kusalimia.

"Asante kwa kuja. Nilijua una haki ya kukasirika. Ulinipa kazi moja tu, nipige simu, na sikupiga. Nisamehe. Kama bado unanitaka, sitapuuza tena neno lako maishani."

Mnamwona fundi wetu? Amesamehewa na mtu anayemwomba msamaha. Angesema "yameisha, mpenzi", angekumbatiwa pale pale, na harusi wangeipamba wenyewe. Alimtazama, akaona macho yalivyovimba, akashindwa.

"Si kosa lako," alisema. "Mkanda haukulegea tu. Ulikuwa umekwisha. Niliona nyufa siku ile ile sokoni. Mpya niliununua, ninao."

Mpambaji alishika nguzo ya baraza.

"Uliona siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka unipigie simu."

Akacheka, kicheko kikavu. "Mjinga wewe. Ungeomba namba tu. Ningekupa."

"Nisamehe, mpenzi wangu."

"Mkanda nimekusamehe," alisema, na alikuwa anasema kweli. "Ujinga wa mwanaume aliyependa naujua, kila harusi ninayopamba unasimuliwa mmoja, watu wanacheka. Lakini nilipokupigia kutoka hospitali nalia kwamba nimemvunja mama yangu mkono, ulijua si mimi."

"Nilijua."

"Ukasema pole."

"Niliogopa kukupoteza."

"Kwa hiyo ukaniachia niubebe mimi. Unajua nimelalaje siku zote hizi? Namlisha Mama nashindwa kumtazama usoni. Kila nikikupigia nilitaka neno moja, *si kosa lako*. Ulikuwa nalo! Ulikuwa nalo wewe peke yako dunia nzima, ukalificha, ukaacha simu ilie!"

"Mimi nimemsamehe!" Mama alipaza sauti kutoka sebuleni. "Mkono ni wangu, si wenu!"

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Amekuja mwenyewe kusema. Ni wanaume wangapi wanaokuja?"

"Amekuja, Mama. Amekuja mimi nimeshakwisha."

Fundi aliinyoosha mikono, akairudisha. "Nije kesho? Tuzungumze ukiwa umetulia?"

"Nimetulia," mpambaji alisema, na kweli sauti yake haikutetemeka. "Usije kesho. Usije tena."

Fundi akashuka ngazi, akafungua geti, akalifunga taratibu nyuma yake, akaenda zake akikwepa madimbwi.

Mpambaji aliporudi ndani, Mama alikuwa ameivuta sahani karibu na anakula kwa mkono wa kushoto, nusu ya chakula kifuani. Binti alikaa chini, akaegemea miguu yake, na safari hii hakumnyang'anya kijiko.

"Unampenda?" Mama aliuliza.

"Nampenda sana."

"Sasa kwa nini umemfukuza? Ataomba radhi mpaka achoke, mimi namjua."

"Ataomba. Lakini siku nikiwa kwenye shida kubwa nikampigia, Mama, hatapokea," alisema, na hapo ndipo alipolia. "Nimeshajaribu."